Mileji Iliyoganda na Cheti cha MOT: Kisa cha Gari Moja Mjini Leicester

Mwishoni mwa Februari 2023 dada mmoja mzaliwa wa Tanga, anayeishi Leicester na kufanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao, alinipigia simu akiwa na swali moja kuhusu MOT, yaani ukaguzi wa usalama wa magari wa Uingereza. "Shikamoo kaka. Namba za maili kwenye gari langu zimeganda tangu Novemba, na MOT yangu inaisha tarehe 19 Machi. Litafeli kwa sababu hiyo?" Alikuwa ameshawauliza watu wawili kabla yangu. Wa kwanza, dereva wa teksi, alimwambia kwa uhakika mkubwa kwamba gari lisilohesabu maili haliwezi kupita ukaguzi. Wa pili alimwambia asihangaike, kwani namba hizo hazifelishi gari hata kidogo. Nimekiandika kisa hiki kwa ruhusa yake, bila kumtaja jina, kwa sababu majibu yote mawili yalimpotosha, na lile la pili, ambalo kwa maneno yake lilikuwa sahihi, ndilo lililokaribia kumwacha barabarani na gari lenye hatari.

Kazi yangu ni ufundi wa magari, na mazoea ya kazi hiyo ni kutokujibu swali la gari kabla ya kujua dalili nyingine zilizoandamana na ile iliyotajwa. Nikamuuliza mshale wa spidomita unafika wapi gari likiwa kwenye mwendo. Akasema hauondoki kwenye sifuri, nao ulilala siku ileile namba zilipoganda, na kwamba tangu hapo anaweka simu mbele yake ili imwonyeshe kasi. Nikamuuliza kama kuna taa yoyote inayowaka kwenye dashibodi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ipo moja ya njano, imeandikwa ABS. Hiyo nimeshaizoea." Kwake yeye hayo yalikuwa mambo matatu tofauti, na lililomuuma ni moja tu, yaani maili, kwa sababu maili ndizo anazozidai kwa mwajiri wake kila mwisho wa mwezi. Kwangu mimi yalikuwa tatizo moja lenye sura tatu.

Tuanze na swali kama lilivyoulizwa. MOT ni ukaguzi wa usalama wa gari ulioanzishwa Uingereza mwaka 1960, wakati Ernest Marples alipokuwa waziri wa uchukuzi. Hapo mwanzo uliyahusu magari yenye umri wa miaka 10 na kuendelea, na mkaguzi alitazama breki, taa na usukani tu. Mwaka 1961 umri ulishushwa hadi miaka 7, na mwaka 1967 ukashushwa tena hadi miaka 3, nao ndio unaotumika hadi leo kwa magari madogo ya England, Scotland na Wales. Orodha ya vitu vinavyokaguliwa imerefuka sana tangu wakati huo, lakini odomita, yaani kihesabu maili, haijaingizwa humo kama kifaa kinachoweza kulipitisha au kulifelisha gari dogo. Mkaguzi anatakiwa kuisoma namba na kuiingiza kwenye mfumo wa DVSA, wakala wa serikali anayesimamia ukaguzi huo. Kama namba haisomeki, kwa mfano kioo kimekufa, anaandika kwamba haisomeki, na kama gari halina odomita anaandika kwamba haipo. Halafu anaendelea na kazi yake. Hatakiwi kulitembeza gari ili aone kama namba inasogea, wala kutoa hukumu kama namba hiyo ni ya kweli.

Kwa hiyo jibu la swali lenyewe ni hapana: namba zilizoganda hazilifelishi gari kwenye MOT. Huyo dereva wa teksi huenda alichanganya mambo, na simlaumu, kwa sababu si kila nchi inalitazama jambo hili namna moja. Waraka wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2014 kuhusu ukaguzi wa magari, ulioanza kutumika Mei 2018, umeitaja odomita katika orodha yake, na odomita ambayo ni dhahiri haifanyi kazi, au ambayo ni dhahiri imechezewa, inahesabiwa kuwa kasoro. Mtu aliyewahi kuishi Ujerumani au Ubelgiji kabla ya kuhamia Uingereza anaweza kuja na kanuni ya huko kichwani na kuitoa kwa nia njema. Lakini gari hili lilikuwa Leicester, na la Leicester hupimwa kwa kitabu cha DVSA.

Hapa ndipo jibu la mtu wa pili linapokuwa na hatari. Kusema kwamba odomita haifelishi gari ni kweli. Kumwambia mwenye gari asihangaike ni jambo jingine kabisa, kwa sababu odomita haigandi pasipo sababu, na sababu yenyewe inaweza kuwa imekaa mahali ambapo mkaguzi analazimika kupatazama.

Katika magari ya zamani spidomita iliendeshwa na waya uliozunguka ndani ya ala yake kutoka kwenye giaboksi hadi kwenye dashibodi. Mzunguko huo uliusukuma mshale, na kwa vigurudumu vidogo vya meno, mara nyingi vya plastiki, ukazisogeza tarakimu za maili. Jino la kigurudumu kimoja likikatika, tarakimu zinasimama ilhali mshale unaendelea kufanya kazi kama kawaida. Gari la namna hiyo lingepita MOT bila kikwazo, na ushauri wa kutokuhangaika ungekuwa na mantiki yake. Fundi aliyekulia kwenye magari hayo hubaki na picha hiyo kichwani, nami naamini ushauri mwingi unaozunguka mitaani umetoka huko.

Gari la dada huyu lilisajiliwa mwaka 2011, na halina waya wa aina hiyo. Kila gurudumu lina sensa inayohesabu kasi ya mzunguko wake na kuipeleka kwenye kompyuta ya breki, yaani ile ya ABS, ambayo kazi yake ya kwanza ni kugundua gurudumu linalotaka kujifunga wakati wa kukanyaga breki kwa nguvu na kulilegeza kabla halijaanza kuburuzika. Kompyuta hiyohiyo ndiyo inayotuma taarifa ya kasi kwenye dashibodi. Mshale wa spidomita unaisoma taarifa hiyo, na odomita nayo inaijumlisha kuwa umbali. Taarifa ikikatika, mshale unalala, maili zinaganda, na kompyuta ya breki, ikishajua kwamba haipati habari ya gurudumu mojawapo, inajizima na kuwasha taa ya njano ili dereva ajue kwamba amebaki na breki za kawaida zisizo na ulinzi huo. Si magari yote yamepangwa hivi. Yapo yanayochukua kasi kwenye sensa ya giaboksi, na hiyo ikiharibika taa inayowaka huwa ni ile ya injini. Yapo pia ambayo dashibodi yenyewe imekufa kwa sababu ya saketi iliyochoka, na hapo taa zote za onyo zinaweza kufa pamoja na namba.

Mazingira hayo yote matatu yanaishia kwenye MOT, kila moja kwa njia yake. Taa ya ABS ikiwa inaonyesha hitilafu, hiyo ni kasoro kubwa, na gari linafeli. Taa ya injini nayo, tangu tarehe 20 Mei 2018, inalifelisha gari la petroli lililoanza kutumika kuanzia Julai 2003 na la dizeli lililoanza kutumika kuanzia Julai 2008. Na kama dashibodi imekufa hata taa hizo haziwaki kabisa, gari linafeli vilevile, kwa kuwa mkaguzi hutaka kuziona zikiwaka swichi inapofunguliwa kisha zikizimika zenyewe. Nasisitiza jambo hili la mwisho kwa sababu dada huyu alikuwa ameshapewa ushauri mwingine, kwamba atafute fundi wa kuifunika au kuing'oa taa ya ABS kabla ya siku ya ukaguzi. Ningekuwa na uwezo wa kufuta ushauri mmoja tu katika mazungumzo ya madereva wetu, ningeufuta huo. Taa isiyowaka inafelisha sawasawa na taa isiyozimika, na aliyeing'oa amelipa fedha ili ajinyime onyo la breki zake mwenyewe katika majira ambayo barabara za Uingereza zina barafu alfajiri, saa ambayo yeye ndiyo kwanza anatoka kwa mzee wa mwisho wa zamu yake.

Nilimshauri apeleke gari kwenye ukaguzi mapema, asisubiri tarehe 19. Sheria inaruhusu kupima hadi mwezi mmoja kasoro siku moja kabla ya cheti kuisha, bila kupoteza tarehe ya zamani ya mwaka unaofuata, na kuna faida nyingine ambayo watu wengi hawaifahamu: gari likifeli huku cheti cha zamani bado kina siku zake, na kama hakuna kasoro iliyoandikwa kuwa ya hatari, mwenye gari anaweza kuliendesha na kwenda kulitengeneza, mradi liwe katika hali inayofaa barabarani. Ikiandikwa kasoro ya hatari, gari haliondoki, na anayelitoa anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 2,500 na kupewa pointi 3 kwenye leseni. Kungoja siku ya mwisho maana yake ni kuutupa muda huo.

Gari lilipimwa tarehe 2 Machi. Karatasi ilikuja na kasoro kubwa moja, taa ya ABS, pamoja na angalizo kuhusu tairi la mbele lililokuwa likielekea kwenye kikomo cha milimita 1.6. Kwenye sehemu ya maili mkaguzi aliandika 87,412, namba ileile iliyokuwa pale tangu Novemba, bila neno lolote la ziada. Dada aliisoma karatasi mara mbili akitafuta kosa la odomita, akashangaa kuona halipo.

Tulipoliinua gari tuliukuta waya wa sensa ya gurudumu la nyuma la kushoto umeliwa na kutu pale unapounganika na sensa, kwa sababu ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi kuyeyusha barafu. Sensa yenyewe nayo ilikuwa imeganda kwenye tundu lake na haikutoka nzima, kwa hiyo ilibadilishwa pamoja na kipande cha waya. Hitilafu ilipofutwa kwenye kompyuta na gari likatembezwa kuzunguka mtaa, taa ilizimika, mshale ukainuka, na tarakimu ya mwisho ikageuka kutoka 2 kuwa 3. Gari lililoachwa kwenye kituo hichohicho kwa matengenezo hurudiwa kupimwa bure katika siku 10 za kazi, tena kwa sehemu iliyofeli tu. Hivyo dada hakulipa tena ada ya ukaguzi, ambayo kwa gari dogo haizidi pauni 54.85, na tarehe 3 Machi alipata cheti chenye maili 87,419.

Lipo jambo ambalo MOT haikuligusa kabisa, nami sikutaka alipite kimyakimya. Kwa muda wa miezi mitatu aliendesha bila spidomita. Kwa gari dogo spidomita haimo kwenye ukaguzi, lakini imo kwenye sheria: kanuni za mwaka 1986 za uundaji na matumizi ya magari zinataka gari liwe na spidomita, na tena idumishwe katika hali ya kufanya kazi. Mwenye gari anaweza kujitetea akionyesha kwamba iliharibika katika safari hiyohiyo, au kwamba alikwisha kuchukua hatua za kuitengeneza bila kukawia. Miezi mitatu ya kutazama simu si utetezi wa kumpa askari wa barabarani. Kanuni hizo zinaizungumzia spidomita na hazizungumzii odomita, na hapo ndipo mtu anapoona jinsi swali la awali lilivyokuwa limekishika kile kisichoadhibiwa na kukiacha kile kinachoadhibiwa. Cheti cha MOT kinathibitisha kwamba siku ya ukaguzi vitu vilivyomo kwenye orodha vilikuwa vizuri. Hakithibitishi kwamba kila sheria ya barabara imetimizwa.

Zikabaki maili zilizopotea, na hizi ndizo zilizokuwa zikimnyima usingizi. Waajiri wengi wa kazi za majumbani huwalipa wafanyakazi wao kwa maili wanazotembea kati ya mteja na mteja, na kiwango ambacho mamlaka ya mapato ya Uingereza, HMRC, iliruhusu kilipwe bila kodi tangu mwaka 2011 kilikuwa peni 45 kwa kila maili katika maili 10,000 za kwanza za mwaka wa kodi, na peni 25 kwa zinazozidi hapo. Kwa mtu anayezunguka nyumba sita au saba kila usiku, hizo ni fedha za mafuta na za chakula cha watoto. Odomita ilipoganda alifanya jambo la busara pasipo kushauriwa na mtu: aliandika kwenye daftari lake la kazi, kila usiku, nyumba alizofika na umbali kati yao kama ulivyoonyeshwa na ramani ya simu. Alimweleza msimamizi wake mapema kwamba kipimo cha gari kimekufa, na madai yake yakalipwa kwa daftari hilo. Angenyamaza na kuendelea kujaza fomu kwa namba za kubuni, hata kama jumla ingekuwa sahihi, angekuwa ametia saini kwenye usomaji wa odomita ambao haukuwepo.

Daftari hilo lilitufaa kwa jambo jingine. Maili za kazi tangu Novemba hadi Machi zilifika 2,318. Tulipoongeza safari zake binafsi, kwa makadirio ya uangalifu ya maili 500, ilionekana kwamba gari lilikuwa limetembea karibu maili 2,800 ambazo odomita haitazionyesha kamwe. Alitaka kujua kama namba inaweza kusogezwa mbele ili iwe ya kweli. Kwa mashine vipo vifaa vya kufanya hivyo, lakini nilimkataza. Namba inayobadilishwa kwa mkono, hata kwa nia safi, haina tofauti machoni pa mtu wa nje na namba iliyochezewa, na kumbukumbu za MOT zinasomwa na kila mtu: mtu yeyote akiwa na namba ya usajili anaweza kufungua tovuti ya serikali ya Uingereza na kuziona bila malipo maili za kila ukaguzi tangu mfumo ulipoingia kwenye kompyuta mwaka 2005. Nilimkataza pia kununua dashibodi iliyotumika, ambayo rafiki yake mmoja alikuwa ameiona kwenye gari lililobomolewa, kwa sababu dashibodi nyingi huja na maili za gari la zamani ndani yake, na historia ya gari ingeruka ghafla bila maelezo. Isitoshe, kilichokuwa kibovu hakikuwa dashibodi.

Tulichofanya ni kuandika ukurasa mmoja. Una tarehe ambayo namba ziliganda, tarehe ya matengenezo, kilichoharibika, maili 2,818 za makadirio, na jinsi zilivyohesabiwa. Ukurasa huo umebandikwa kwenye kitabu cha huduma cha gari, pamoja na risiti ya sensa na karatasi ya kufeli ya tarehe 2 Machi. Kampuni ya bima nayo ilijulishwa, kwa sababu alipokata bima alikadiria maili za mwaka mzima, na asingependa siku ya ajali aonekane alitaja makadirio yasiyolingana na matumizi yake.

Wapo watakaouliza kwa nini kujisumbua hivyo kwa maili zisizofika elfu tatu. Uingereza haimzuii mtu kubadilisha namba za odomita ya gari lake, ila kuliuza gari huku akijua kwamba maili zinazoonyeshwa si za kweli, na kumficha mnunuzi, ni udanganyifu unaoweza kumfikisha mbele ya Sheria ya Ulaghai ya 2006. Sheria hiyo haiulizi kama upungufu ulitokana na hila au na waya ulioliwa na chumvi. Inauliza muuzaji alijua nini na alisema nini. Na mnunuzi si lazima awe wa Leicester. Magari ya Uingereza yana usukani wa kulia kama yetu, na watu wetu huyasafirisha kwenda Dar es Salaam na Mombasa. Hili la mwaka 2011 Kenya lisingeingia kwa sababu ya ukomo wa miaka 8, lakini dada alikuwa na wazo la kulipeleka kwa mdogo wake Tanga. Huko hakuna atakayemkumbuka fundi wa Leicester, na cha kumweleza mnunuzi wa pili au wa tatu ukweli wa gari kitakuwa ni kitabu kile cha huduma.

Machi 2024 gari lilipimwa tena likapita bila kasoro, na cheti kikaandika maili 97,903. Kwa kweli, ukiziongeza zile maili 2,818 zilizopotea, gari lilikuwa limeshavuka laki moja wiki kadhaa kabla ya hapo. Dada alinipigia simu kunieleza kwamba kijana mmoja wa Coventry alikuja kulitazama ili alinunue, akafurahi kuona halijafika laki, naye akamfungulia ukurasa ule na kumwonyesha hesabu. Kijana aliomba apunguziwe bei kidogo. Alimpunguzia, wakakubaliana, na ukurasa ukaondoka na gari.